Chapati ya Kukunja: Mlo wa Haraka Wenye Lishe kwa Kaya za Katavi

Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, una utajiri mkubwa wa chakula. Mahindi, mpunga, maharage na karanga hulimwa katika halmashauri zake zote. Dagaa na migebuka huvuliwa Ziwa Tanganyika na kuletwa Mpanda kutoka Karema na Ikola. Wafugaji huleta maziwa mjini, na Inyonga hutoa asali inayosifika mbali.

Hata hivyo, ghala lililojaa si ushahidi wa lishe bora. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwamba asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Katika Mkoa jirani wa Rukwa, ambao nao ni ghala la mahindi, karibu nusu ya watoto wa umri huo walikutwa na udumavu. Tatizo hapa si uhaba wa nafaka. Ni nafaka kutawala sahani na kuviacha vyakula vingine pembeni.

Hali hiyo huonekana wazi katika milo inayoliwa kwa haraka. Mwanafunzi anayewahi shule, dereva wa bodaboda, mchimbaji mdogo wa dhahabu na mama anayekwenda shambani kabla ya jua kuchomoza hukutana katika jambo moja: chai yenye sukari nyingi na chapati mbili kavu, au maandazi. Tumbo hushiba, lakini mwili haupati sehemu kubwa ya unachokihitaji. Chapati hiyohiyo, ikipikwa nyembamba na kukunjwa pamoja na mboga na kitoweo, yaweza kuwa mlo kamili unaoandaliwa kwa dakika 20 hadi 30. Makala haya yanaeleza namna ya kuiandaa, sababu za kitaalamu za kila hatua, na tahadhari ambazo mgonjwa na mtoa huduma za afya wanapaswa kuzizingatia.

Chapati ya kukunja ni nini?

Chapati iliingia Afrika Mashariki pamoja na watu wa Bara Hindi na leo ni chakula cha kila mji. Kuikunja pamoja na chakula kingine si jambo geni. Jijini Kampala, wauzaji wa kando ya barabara hukaanga mayai pamoja na nyanya, vitunguu na kabichi, huyaweka juu ya chapati na kuizungusha. Chakula hicho huitwa roleksi, na jina lake limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyozungushwa. Meksiko hutumia mkate mwembamba wa mahindi au ngano kwa njia hiyohiyo, na Ethiopia hutumia injera ya tefu kuchotea mchuzi na mboga.

Wazo ni moja kila mahali: mkate mwembamba hugeuzwa kuwa chombo cha kubebea chakula kingine. Faida ya kiafya hutegemea uwiano kati ya chombo na kilichomo. Ikiwa chapati ni nene, imejaa mafuta na ndani yake mna vipande viwili vya nyanya, hakuna kilichobadilika isipokuwa umbo.

Kwa nini chapati pekee si mlo kamili?

Mwongozo wa chakula na ulaji wa Tanzania Bara hugawa vyakula katika makundi sita: nafaka, mizizi yenye wanga na ndizi za kupika, jamii ya kunde, karanga na mbegu za mafuta, vyakula vyenye asili ya wanyama, mboga, matunda, na mafuta yenye afya. Chapati na chai hugusa makundi mawili tu, yaani nafaka na mafuta, na huongeza sukari.

Kilo moja ya unga wa ngano kwa kawaida hutoa chapati 12 hadi 14 za kusukuma. Kila chapati huwa na unga wa gramu 70 hadi 80, ambao hutoa takriban kilokalori 260 hadi 290. Mafuta ya kuweka matabaka na kukaangia yakifikia kijiko kimoja cha chakula kwa kila chapati, huongeza kilokalori 120 hivi. Mtu anayekula chapati mbili huwa amepata kilokalori zinazokaribia 800 kabla hajahesabu sukari ya chai. Wanga huo wa unga uliokobolewa humeng'enywa haraka, sukari hupanda katika damu, na njaa hurudi mapema.

Ni kweli kwamba ngano ina protini. Lakini protini ya ngano ina kiasi kidogo cha laisini, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage, kunde na choroko zina laisini ya kutosha. Mayai, samaki na maziwa vivyo hivyo. Hiyo ndiyo sababu ya kitaalamu ya desturi ya kula nafaka pamoja na kitoweo. Anayekunja chapati na maharage hukamilisha kile ambacho kila kimoja kinakikosa kikiwa peke yake.

Kuandaa chapati nyembamba

Chapati inayofaa zaidi kwa kazi hii ni chapati ya maji. Haihitaji kukandwa wala kusukumwa, hutumia mafuta kidogo, na hulainika kiasi cha kukunjika bila kupasuka. Kwa watu wanne huhitajika vikombe viwili vya unga wa ngano, sawa na gramu 250 hivi, yai moja, vikombe viwili vya maji safi na chumvi isiyozidi robo ya kijiko cha chai.

Unga hutiwa kwenye bakuli, chumvi na yai huongezwa, kisha maji humiminwa kidogo kidogo huku mchanganyiko ukipigwa ili usiwe na madonge. Rojo linalofaa huwa jepesi kama uji wa mgonjwa. Huachwa kwa dakika 10 hadi 15 ili unga unywe maji. Muda huo hutosha kuosha na kukata mboga. Kikaango hupashwa moto na kupakwa nusu kijiko cha chai cha mafuta. Upawa mmoja wa rojo humiminwa katikati, kikaango huzungushwa ili lisambae, na chapati hugeuzwa kingo zake zinapoanza kuachia. Kiasi hiki hutoa chapati nane hivi, kila moja ikiwa na unga wa gramu 30 tu. Zilizoiva hupangwa moja juu ya nyingine na kufunikwa kwa kitambaa safi. Mvuke wake huzifanya zibaki laini.

Unga usiokobolewa ni bora zaidi kwa sababu una makapi mlo, ambayo hupunguza kasi ya wanga kuingia katika damu na kusaidia choo kuwa laini. Panapokuwa na unga wa ulezi au wa mtama, robo ya unga wa ngano yaweza kubadilishwa kwa unga huo. Kiasi kikizidi hapo chapati huanza kukatika, kwa kuwa nafaka hizo hazina gluteni, protini inayoshikamanisha unga wa ngano. Mwenye kununua unga wa dukani achague wenye nembo ya kurutubishwa, kwani umeongezwa madini chuma, zinki na foliki asidi.

Anayependa chapati ya kusukuma hazuiwi. Donge liwe dogo, nusu ya lile la kawaida, lisukumwe hadi liwe jembamba, lisiwekwe matabaka ya mafuta, na likaangwe kwa kupaka mafuta badala ya kumimina.

Kitoweo na mboga kutoka soko la Mpanda

Kanuni ya kukumbuka ni rahisi: kwa kila chapati mbili nyembamba, ziwekwe konzi mbili za mboga na konzi moja ya kitoweo. Kipimo cha konzi humfuata mlaji mwenyewe, kwa maana mtoto ana mkono mdogo na mtu mzima ana mkono mkubwa.

Mayai na mboga za majani hufaa asubuhi kwa kuwa huiva kwa dakika chache. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini iliyo bora, pamoja na vitamini A na B12. Vitunguu hukaangwa kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta, nyanya na mchicha au majani ya maboga yaliyokatwa huongezwa, kisha mayai yaliyopigwa humiminwa na kukorogwa hadi yakauke kabisa. Mafuta hayo kidogo yana kazi yake: karotini iliyomo katika mboga za kijani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri panapokuwa na mafuta. Chapati mbili nyembamba zenye yai na mboga hutoa kilokalori 400 hivi, yaani karibu nusu ya zile za chapati mbili za kusukuma, na protini yake haipungui, bali huwa bora zaidi.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni hazina iliyo karibu. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa waliokauka vizuri ni protini. Kwa kuwa huliwa wazima pamoja na mifupa, hutoa pia madini ya kalisi, chuma na zinki. Dagaa waliokaushwa juu ya chanja au nyavu ni bora kuliko waliokaushwa ardhini, maana hawana mchanga. Huchambuliwa, huoshwa kwa maji ya moto mara mbili au tatu, hukaushwa kwenye kikaango bila mafuta, kisha huongezwa kitunguu, nyanya na mafuta kidogo. Waliotiwa chumvi waoshwe zaidi, na chumvi nyingine isiongezwe.

Maharage, kunde na choroko hufaa zaidi kwa mlo wa jioni, kwa kuwa hupikwa muda mrefu. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva hutoa takriban gramu 7 za protini na makapi mlo mengi. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kuloweka yamwagwe, na yachemke kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya moto kupunguzwa, kwa sababu maharage yasiyoiva yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha. Kuloweka hupunguza pia muda wa kupika na matumizi ya mkaa. Yakiiva hupondwa kwa mwiko pamoja na kitunguu na nyanya hadi yawe mazito, ili yasivuje kutoka katika chapati.

Karanga zilizosagwa, parachichi na mtindi vyaweza kuchukua nafasi ya sosi za viwandani, ambazo mara nyingi zina chumvi na sukari nyingi. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye ladha chungu zitupwe, kwa kuwa zaweza kuwa na sumukuvu, sumu ya fangasi inayodhuru ini. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo tahadhari hii si ya vitabuni tu. Maziwa ya kutengenezea mtindi yachemshwe kwanza, hata kama yametoka kwa mfugaji anayeaminika, ili kuepuka brusela na kifua kikuu cha ng'ombe.

Kuhusu mafuta, ya alizeti yanafaa kwa kiasi kidogo. Mawese mekundu yana karotini nyingi, lakini karibu nusu ya mafuta yake ni yale yanayoganda, ambayo yakizidi huongeza lehemu katika damu. Tena, yakiunguzwa hadi yapoteze wekundu wake, karotini hiyo hupotea.

Ndimu, pilipili hoho, nyanya mbichi na matunda kama papai, embe na chungwa vina vitamini C. Vitamini hiyo huusaidia mwili kufyonza madini chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Chai na kahawa hufanya kinyume chake. Kwa sababu hiyo, kukamulia ndimu juu ya maharage na kusogeza chai mbele kwa saa moja baada ya mlo ni hatua ndogo isiyogharimu fedha nyingi, lakini yenye maana kwa mjamzito na kwa msichana aliyevunja ungo.

Namna ya kukunja

Chapati hutandazwa juu ya sahani. Mboga na kitoweo hupangwa kwa mstari, si katikati kabisa bali karibu na upande wa mlaji, na nafasi ya vidole viwili huachwa kila mwisho. Upande wa chini hukunjwa ndani kwanza ili kuzuia kumwagika, kisha chapati huzungushwa kwa kubana taratibu. Ikihitajika, hurudishwa kwenye kikaango kikavu kwa dakika moja, mkunjo ukiwa chini, ili ishikamane. Kitoweo chenye mchuzi mwingi hulowesha chapati na kuipasua, kikauke kwanza.

Usalama wa chakula kinachobebwa

Chapati ya kukunja hupendwa kwa sababu hubebeka, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Bakteria huzaliana kwa kasi katika chakula kilichopikwa kikikaa kwenye joto lililo kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na joto la mchana la Katavi limo katikati ya kiwango hicho. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Baadhi ya bakteria huacha sumu isiyoharibiwa na moto. Kwa hiyo kupasha kiporo moto hakufanyi kila kiporo kuwa salama.

Kwa kaya isiyo na jokofu, ushauri wa kufuata ni huu. Chapati ya mayai iliwe mara inapoiva, isihifadhiwe kwa ajili ya mchana. Anayekwenda shambani au mgodini abebe chapati peke yake, na kitoweo kikavu kando, kama karanga zilizokaangwa au dagaa waliokaushwa vizuri kwenye kikaango bila nyanya wala mchuzi, kisha akunje wakati wa kula. Tunda zima lisilomenywa hukamilisha mlo huo. Mwenye hotpoti aweke chakula kikiwa cha moto sana, wala asilifungue mara kwa mara.

Mboga zinazoliwa mbichi zioshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutibiwa. Pale ambapo kuna mlipuko wa kipindupindu, kachumbari iachwe, na kabichi, karoti na nyanya zipikwe. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kukunja na kabla ya kula, kwa kuwa chakula hiki hushikwa mkononi mwanzo hadi mwisho. Kukifungia katika gazeti kuepukwe kwa sababu ya wino na uchafu. Kitambaa safi ndani ya chombo chenye mfuniko, au jani la mgomba lililooshwa na kupitishwa juu ya moto, hutosha.

Makundi yanayohitaji uangalizi

Mtu mwenye kisukari hahitaji kuiacha chapati, ila anahitaji kuihesabu. Chapati nyembamba mbili zenye unga wa gramu 60 zina wanga wa gramu 45 hivi, na chapati mbili za kusukuma zaweza kuwa na zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Chapati mbili nyembamba, mboga nyingi na kitoweo vyaweza kuwa mlo mmoja, bila ugali au wali pembeni na bila sukari katika chai. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi asipunguze wanga ghafla, wala asichelewe kula, kabla ya kuzungumza na daktari wake kuhusu dozi.

Kwa mwenye shinikizo la juu la damu, adui mkubwa ni chumvi inayoingia kutoka sehemu nyingi kwa wakati mmoja: kwenye unga, kwenye kitoweo, kwenye dagaa na kwenye viungo vya mchuzi vya viwandani. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku nzima, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, giligilani na pilipili huipa chapati ladha bila kuongeza chumvi.

Mjamzito na anayenyonyesha wanufaika kwa mayai, dagaa, maharage na mboga za majani. Katika baadhi ya jamii wajawazito bado hukatazwa kula mayai. Makatazo hayo hayana msingi wa kitabibu, mradi mayai yameiva kabisa. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi viendelee kumezwa, kwani chakula huvisaidia lakini hakivibadilishi.

Mtoto aliyetimiza miezi sita huanza vyakula laini vya nyongeza huku akiendelea kunyonya. Kitoweo cha ndani, kikipondwa vizuri na bila chumvi, chamfaa hata kabla hajaweza kutafuna chapati. Baada ya mwaka mmoja anaweza kula chapati laini iliyokatwa vipande vidogo, akiwa ameketi na akiangaliwa. Karanga nzima asipewe mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwa hatari ya kupaliwa, zisagwe. Asali, ingawa ni fahari ya mkoa, asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hata kwa kupakwa kwenye chapati, kwa sababu yaweza kubeba vijidudu vya botulizimu.

Mtu anayefanya kazi ngumu ya jembe au sururu anahitaji nishati zaidi. Kwake, idadi ya chapati iongezwe hadi tatu au nne, na mboga na kitoweo viongezwe kwa uwiano uleule. Mgonjwa wa figo, na anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, wapate ushauri wao binafsi: wa kwanza kuhusu kiasi cha maharage, dagaa na parachichi, na wa pili kuhusu kula mboga za majani kwa kiasi kisichobadilikabadilika, kwa kuwa vitamini K iliyomo ndani yake hugusa utendaji wa dawa hiyo.

Neno kwa watoa huduma za afya

Ushauri wa lishe mara nyingi hushindwa kwa sababu humwambia mgonjwa aache asichoweza kuacha, au anunue asichoweza kununua. Chapati hutoa njia nyingine, kwa sababu mgonjwa tayari anaijua na anaipenda. Katika kliniki ya afya ya uzazi na mtoto, kliniki ya kisukari au ziara ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, maswali matatu hutosha kuanzia mazungumzo: jana asubuhi kililiwa nini, chapati ilikuwa na nini pembeni, na nyumbani leo kuna mboga au kitoweo gani? Jibu la swali la tatu ndilo hubeba ushauri. Mwenye maharage aelekezwe kwenye maharage, mwenye kuku watagao aelekezwe kwenye mayai, na aliye karibu na ziwa aelekezwe kwenye dagaa.

Onesho la mapishi hufundisha kuliko maelezo marefu. Kikaango kimoja, jiko la mkaa, vikombe viwili vya unga na fungu la mchicha vyatosha kuonesha kundi la akina mama tofauti kati ya chapati iliyojaa mafuta na ile iliyojaa chakula. Akina baba wasiachwe nje, kwa kuwa mara nyingi wao ndio huamua kama yai litaliwa nyumbani au litauzwa, na ni mahindi kiasi gani yatabadilishwa kwa fedha za kununulia kitoweo.

Kwa kaya inayotaka kuanza, hatua ya kwanza haihitaji chombo kipya wala fedha nyingi. Donge lipunguzwe nusu, mafuta yapakwe badala ya kumiminwa, na nafasi iliyopatikana ijazwe kwa mboga na kitoweo kilichopo siku hiyo. Mwenye ugonjwa sugu, mjamzito au mlezi wa mtoto asiyeongezeka uzito aonane na afisa lishe au mtoa huduma wa kituo kilicho karibu naye, ili kiasi kipangwe kulingana na hali yake.